Fritz Pollard: Kocha mweusi wa kwanza katika kandanda ya kulipwa Marekani

Mwezi Oktoba mwaka 1989, klabu ya Los Angeles Raiders ilipomtangaza Art Shell kuwa kocha wake mkuu, wapenzi wengi wa kandanda ya Kimarekani walidhani kwamba huyo ndiye mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo katika ligi kuu ya kulipwa ya nchi hiyo, NFL.

Ukweli ni kwamba Shell alikuwa wa pili. Miaka 68 kabla yake, mwaka 1921, kijana mwenye umri wa miaka 27 aitwaye Frederick Douglass Pollard, maarufu kwa jina la Fritz, alikuwa tayari amekabidhiwa timu ya Akron Pros ya jimbo la Ohio. Alifundisha na kucheza kwa wakati mmoja, na wengi wa wachezaji waliokuwa chini yake walikuwa Wazungu.

Kwamba historia iliweza kumsahau mtu wa namna hiyo kwa kipindi kirefu kiasi hicho si jambo la bahati mbaya. Maisha ya Pollard ni maelezo ya jinsi mlango uliokuwa wazi ulivyofungwa kimyakimya, na muda uliohitajika ili ufunguliwe tena.

Kuzaliwa na familia yake

Pollard alizaliwa Januari 27, 1894, katika kitongoji cha Rogers Park, jijini Chicago, akiwa mtoto wa saba kati ya wanane. Baba yake, John Pollard, alikuwa kinyozi aliyewahi kupigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mama yake, Catherine Amanda, alikuwa mshonaji wa nguo. Jina alilopewa lilikuwa la heshima kwa Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka na kuwa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa.

Rogers Park wakati huo ilikuwa makazi ya Wazungu, na familia ya Pollard ilikuwa miongoni mwa familia chache sana za watu weusi katika eneo hilo. Wazazi waliwahimiza watoto wao kusoma. Dada yake, Naomi, alihitimu katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1905, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kaka yake, Leslie, alicheza kandanda katika chuo cha Dartmouth. Inaelezwa kwamba ni kaka zake ndio waliomfundisha Fritz kucheza na, muhimu zaidi, kutojibu matusi kwa ngumi.

Katika shule ya sekondari ya Lane jijini Chicago, aling'ara katika kandanda, besiboli na riadha. Hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Urefu wake ulikuwa futi tano na inchi tisa, na uzito wake ulikuwa kilo zipatazo 75 tu. Silaha yake ilikuwa kasi, pamoja na uwezo wa kubadili mwelekeo ghafla wakati mpinzani ameshajitupa kumkamata.

Mchezo wenyewe

Kwa wasomaji waliozoea soka, kandanda ya Kimarekani ni mchezo tofauti kabisa. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na mpira wenye umbo la yai hubebwa kwa mikono, hurushwa au hupigwa kwa mguu. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele angalau yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Anayeuvusha mpira kwenye mstari wa mwisho huipatia timu yake pointi sita.

Pollard alicheza nafasi ya nyuma, yaani ya yule anayekabidhiwa mpira na kupenya nao katikati ya ukuta wa wapinzani. Ni nafasi inayomfanya mchezaji aangushwe karibu kila anapogusa mpira. Katika enzi zile, wachezaji walivaa kofia laini za ngozi, na wengine hawakuvaa kofia kabisa. Kwa mchezaji mweusi, rundo la watu walioanguka juu yake lilikuwa mahali ambapo ngumi, viwiko na mateke vingeweza kutumika bila mwamuzi kuona.

Pollard alibuni njia yake ya kujilinda. Alipoangushwa, alijiviringisha haraka, akalala chali na kuinua miguu juu, njumu zake zikiwatazama waliokuwa wakija kumrukia. Waliokusudia kumuumiza walilazimika kufikiri mara mbili.

Chuo Kikuu cha Brown

Baada ya kuhangaika katika vyuo kadhaa bila kupata pa kutulia, mwaka 1915 Pollard alijiunga na Chuo Kikuu cha Brown kilichopo Providence, jimbo la Rhode Island, ambako alisomea kemia. Ili kumudu gharama za maisha, alianzisha katika chumba chake cha bwenini biashara ya kupiga pasi suti za wanafunzi wenzake.

Mwanzoni baadhi ya wachezaji wenzake hawakutaka kucheza naye, lakini miguu yake iliwabadilisha mawazo. Msimu huohuo Brown ilialikwa California kucheza mechi ya Rose Bowl, iliyofanyika Januari 1, 1916. Wakati wa safari hiyo, mapokezi ya hoteli ambayo timu ilipangiwa yalikataa kumpa Pollard chumba, hadi viongozi wa timu walipotishia kuondoka na msafara wote. Mvua kubwa iliugeuza uwanja kuwa tope, kasi yake haikumsaidia, na Brown ikafungwa 14-0 na Washington State. Hata hivyo, aliingia katika kumbukumbu kama mchezaji mweusi wa kwanza kushiriki mechi hiyo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wake. Mwezi Novemba 1916, Brown iliifunga Yale 21-6, na wiki moja baadaye ikaichapa Harvard 21-0. Vyuo hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vigogo wa kandanda ya Marekani, na kuvishinda vyote katika msimu mmoja lilikuwa jambo ambalo Brown haikuwahi kulifanya. Pollard alikuwa nguzo ya ushindi huo.

Mwisho wa msimu, Walter Camp, aliyehesabiwa kuwa baba wa kandanda ya Kimarekani, alimweka katika kikosi chake cha wachezaji bora wa nchi nzima. Kabla yake, ni mtu mweusi mmoja tu aliyewahi kupata heshima hiyo, William Henry Lewis wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Pollard alikuwa wa kwanza kuipata kwa nafasi ya kukimbia na mpira.

Masomo, hata hivyo, hayakwenda vizuri kama mchezo, na aliondoka Brown bila shahada. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi ya kusimamia mazoezi ya viungo katika kambi ya jeshi ya Meade, jimbo la Maryland. Kuanzia mwaka 1918 alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo cha watu weusi ambacho baadaye kiliwasomesha Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana.

Akron, mji wa matairi

Mwaka 1919 Pollard aliitwa kuchezea timu ya kulipwa ya mji wa Akron. Mji huo ulikuwa kitovu cha viwanda vya matairi, na viwanda hivyo vilikuwa vimevuta maelfu ya wafanyakazi Wazungu kutoka majimbo ya kusini, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Watu hao ndio waliojaza viwanja.

Kutokana na hali hiyo, Pollard hakubadilishia nguo katika chumba cha wachezaji. Alivalia jezi katika duka la sigara la Frank Nied, mmoja wa wamiliki wa timu, kisha akapelekwa uwanjani wakati mechi ikikaribia kuanza. Alizomewa na mashabiki wa timu pinzani, na wakati mwingine na watu wa mji alioutumikia.

Septemba 17, 1920, wawakilishi wa klabu kadhaa walikutana katika duka la magari la Ralph Hay mjini Canton, Ohio, na kuunda chama kilichobadilishwa jina mwaka 1922 na kuwa NFL. Rais wake wa kwanza alikuwa Jim Thorpe, mwanamichezo maarufu mwenye asili ya Wahindi Wekundu. Akron ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Katika msimu huo wa kwanza, ni wachezaji weusi wawili tu waliosajiliwa, Pollard na Bobby Marshall wa Rock Island Independents.

Msimu huo Akron haikupoteza mchezo hata mmoja. Ilishinda mechi nane, ikatoka sare tatu na kuruhusu pointi saba tu kwa msimu mzima. Iliifunga Canton Bulldogs, timu ya Thorpe, mara mbili, 10-0 na 7-0. Desemba 12, 1920, ilitoka sare ya bila kufungana jijini Chicago na Decatur Staleys ya George Halas, timu ambayo baadaye iliitwa Chicago Bears. Kwa matokeo hayo Akron ilitangazwa bingwa wa kwanza wa ligi hiyo.

Kocha anayecheza

Mwaka 1921 Pollard aliongoza Akron akiwa kocha pamoja na Elgie Tobin. Hapo ndipo alipokuwa kocha mweusi wa kwanza katika ligi hiyo. Timu ilimaliza msimu kwa kushinda mechi nane, kufungwa tatu na kutoka sare moja.

Ni vyema kueleza maana ya cheo hicho kwa wakati ule. Leo kocha wa NFL husimama pembeni akiwa na visikizi masikioni, akizungukwa na wasaidizi wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kanuni zilikataza maelekezo kutolewa kutoka nje ya uwanja wakati mchezo ukiendelea. Uamuzi wa nani apewe mpira na upite upande gani ulifanywa na waliokuwa ndani. Kwa sababu hiyo makocha wengi walikuwa pia wachezaji, na mamlaka yao yalikuwa ya moja kwa moja. Pollard alipotoa amri, Wazungu waliokuwa naye uwanjani walitakiwa kuitii papo hapo, mbele ya maelfu ya watazamaji, katika nchi ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi nao meza moja katika mikahawa mingi.

Miongoni mwa waliocheza naye Akron mwaka huo alikuwa Paul Robeson, ambaye alikuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia. Wawili hao walihamia pamoja Milwaukee Badgers mwaka 1922. Robeson baadaye alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa kimataifa. Akiwa London katika miaka ya 1930, alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na alifahamiana na Jomo Kenyatta.

Pollard aliendelea na timu ya Hammond Pros ya jimbo la Indiana, ambako pia alipewa jukumu la kufundisha. Alicheza vilevile katika timu ya Gilberton, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Pennsylvania, ambako mapokezi yalikuwa makali kuliko Akron. Mwaka 1925 alichezea Providence Steam Roller, na mwaka 1926 alirudi Akron kumalizia safari yake katika NFL.

Mlango wafungwa

Kwa hesabu inayokubalika na wengi, kati ya mwaka 1920 na 1933 ni wachezaji weusi 13 tu waliocheza katika ligi hiyo. Baada ya Pollard kuondoka, Duke Slater wa Chicago Cardinals alibaki kwa misimu kadhaa. Wa mwisho walikuwa Joe Lillard wa Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh, ambao wote waliachwa mwisho wa msimu wa 1933.

Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Wamiliki walieleza kwamba hawakuona weusi wenye uwezo, au kwamba katika kipindi cha mdororo wa uchumi isingekuwa busara kumpa mtu mweusi kazi ambayo Mzungu angeitaka. Wachunguzi wengi wa historia wanamtaja George Preston Marshall, aliyeingia katika ligi mwaka 1932 akiwa mmiliki wa timu ya Boston iliyohamia Washington baadaye, kuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. Katika uzee wake, Pollard alimlaumu pia George Halas, Halas alikana.

Pollard hakukaa kulalamika tu. Mwaka 1928 aliunda jijini Chicago timu ya wachezaji weusi watupu, Chicago Black Hawks, iliyocheza na timu za Wazungu katika eneo hilo na baadaye katika pwani ya magharibi. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba watu wa rangi mbili wanaweza kupambana uwanjani na mechi ikamalizika kwa amani. Mdororo wa uchumi uliimaliza timu hiyo mwaka 1932. Kuanzia mwaka 1935 alifundisha Brown Bombers ya Harlem, New York, iliyopewa jina kwa heshima ya bondia Joe Louis.

Nje ya uwanja

Tofauti na wanamichezo wengi wa enzi zake, Pollard hakutegemea mpira peke yake. Aliendesha kampuni ya uwekezaji iliyowahudumia watu weusi, ambayo ilifilisika baada ya soko la hisa kuanguka. Kati ya mwaka 1935 na 1942 alichapisha gazeti la New York Independent News, lililokuwa likiwalenga wasomaji weusi. Aidha, aliendesha studio huko Harlem iliyowatafutia kazi wasanii, alishiriki kutengeneza filamu, na baadaye akawa mshauri wa masuala ya kodi.

Kipaji cha miguu hakikuishia kwake. Mwanawe, Fritz Pollard Jr., alipata medali ya shaba katika mbio za mita 110 kuruka viunzi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, michezo ileile ambayo Jesse Owens alitwaa medali nne za dhahabu.

Mlango wa NFL ulifunguliwa tena mwaka 1946. Timu ya Rams ilikuwa imehamia Los Angeles na ilitaka kutumia uwanja wa umma, na viongozi wa watu weusi wa jiji hilo walishinikiza kwamba uwanja uliojengwa kwa fedha za walipakodi wote usitumiwe na timu inayobagua. Kenny Washington na Woody Strode wakasajiliwa. Timu ya Marshall huko Washington ndiyo iliyokuwa ya mwisho kukubali. Ilichezesha wachezaji weusi mwaka 1962, baada ya serikali ya Rais John Kennedy kutishia kuinyima uwanja uliokuwa katika ardhi ya serikali kuu.

Wachezaji walirudi mapema zaidi kuliko makocha. Iliwachukua wamiliki miaka mingine 43 baada ya usajili wa Washington na Strode kumkabidhi mtu mweusi timu.

Haki iliyochelewa

Mwaka 1954 Pollard aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Kandanda ya Vyuo. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Brown, alikoondoka bila shahada, kilimtunuku udaktari wa heshima. Lakini jumba la mashujaa wa kandanda ya kulipwa lililopo Canton, mji ambako ligi ilizaliwa, lilibaki kimya. Pollard alifariki dunia Mei 11, 1986, huko Silver Spring, Maryland, akiwa na umri wa miaka 92, bila kuiona siku hiyo.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Pollard ilifika mwaka 2005, alipoingizwa katika jumba la Canton, miaka 19 baada ya kifo chake na miaka 84 tangu alipoanza kuifundisha Akron.

Kabla ya hapo, jina lake lilikuwa limeshaanza kutumika katika mapambano mapya. Mwaka 2003 makocha na maofisa weusi wa NFL waliunda chama kilichoitwa Fritz Pollard Alliance. Mwaka huohuo ligi ilipitisha kanuni inayoitaka klabu inayotafuta kocha mkuu imhoji angalau mtu mmoja kutoka jamii za wachache. Kanuni hiyo, ambayo iliongezwa makali miaka ya baadaye, ilipewa jina la Dan Rooney, mmiliki wa Pittsburgh Steelers. Klabu hiyo, iliyoanzishwa na baba yake, ndiyo iliyomwacha Ray Kemp mwaka 1933.

Mafanikio yalionekana. Februari 2007 fainali ya Super Bowl ilikutanisha makocha weusi wawili, Tony Dungy wa Indianapolis Colts na Lovie Smith wa Chicago Bears, na Dungy akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo akiwa kocha mkuu.

Lakini Februari 2022, Brian Flores, aliyekuwa ametimuliwa na Miami Dolphins, aliifungulia ligi kesi akidai kwamba usaili wa makocha weusi mara nyingi hufanywa kutimiza kanuni tu, huku uamuzi ukiwa umeshafanyika. Siku alipowasilisha kesi hiyo, kati ya klabu 32 za NFL, ligi ambayo wengi wa wachezaji wake ni weusi, ni moja tu iliyokuwa na kocha mkuu mweusi, Mike Tomlin wa Pittsburgh.

Mmoja. Idadi ileile iliyokuwapo mwaka 1921, wakati kocha huyo alipovalia jezi yake katika duka la sigara.